Maji ya Tanga Sebuleni Pasiansi

Harufu ya bahari niliijua miaka mingi kabla ya kuiona bahari yenyewe. Ilitoka kwenye madumu ya njano ambayo baba aliyapanga ukutani, sebuleni kwetu Pasiansi. Ukifungua kizibo ilikupanda puani, kali kidogo, kama chuma kilicholowa. Ziwa lilikuwa karibu, upepo wa mchana ulituletea harufu ya dagaa walioanikwa, lakini maji yake hayakutufaa. Kaka yangu Deo alitaka samaki wa baharini, na maji yao yalisafiri kutoka Tanga ndani ya lori ambalo baba aliliendesha, nyuma ya kiti chake.

Deo alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Watoto wenzetu waliposhinda ziwani wakiogelea, yeye alikaa kibarazani amevaa sweta, kwa sababu maji baridi yalimwamshia maumivu ya mifupa yaliyoweza kumlaza wiki nzima. Nadhani ndiyo maana alipoona kitabuni picha ya samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, hakumwachia baba nafasi ya kupumua. Baba hakuwahi kumnyima kitu alichoweza kukibeba. Mama ndiye hakuelewa. "Samaki wa kuangalia tu, humli?" aliuliza. Deo akamjibu, "Huyu wa kukaa naye, mama."

Fundi wa vioo kule Igogo alitugundishia tangi. Kichujio Deo alikitengeneza mwenyewe: ndoo ndogo iliyotobolewa kitako, ikakaa juu ya tangi, ndani yake vipande vya matumbawe makavu, na juu ya matumbawe kipande cha sponji alichokikata kwenye godoro letu kuukuu. Pampu ilipandisha maji, yakapita kwenye sponji na matumbawe, yakarudi tangini kwa mchuruziko uliokuwa ukisikika nyumba nzima. Nilidhani samaki wataingia siku ileile. Deo akatusubirisha zaidi ya mwezi, kila asubuhi akitia majini dagaa kidogo aliyesagwa ili aoze. Alinieleza kwamba kuna vijidudu wasioonekana wanaokula uchafu wa samaki, na kwamba lazima wajengewe makao kwanza. Alinifundisha pia kwamba maji yakipungua kwa joto unaongeza maji ya mvua, si ya bahari, kwa kuwa chumvi yenyewe haiondoki. Hatimaye baba akaja na samaki watatu: wawili wa machungwa na mmoja wa buluu. Hata mama akawa anavuta kigoda na kuchambulia mchele mbele yao.

Mwezi wa saba, upepo ulipokuwa mkali, Deo alilazwa. Nikaachiwa samaki. Niliitazama ile sponji, imekuwa ya kahawia, inateleza kama ute wa bamia, nikaona aibu kwamba atarudi aikute hivyo. Nikaipeleka bombani, nikaifua kwa sabuni ya unga, nikayasugua na matumbawe, nikavianika vyote juani mpaka vikanukia vizuri. Nilijivunia sana. Siku ya tatu samaki walikuwa wameng'ang'ania juu ya maji, wakihema haraka haraka. Jumamosi wote walikuwa wamekufa, na mama akawafukia nyuma ya jiko bila kunisema.

Tulipokwenda kumwona Deo, swali lake la kwanza lilikuwa la samaki. "Wanakula?"

"Wanakula," nikasema.

"Hata yule wa buluu?"

"Hata yeye."

Mama alitazama sakafu. Siku nne mfululizo nilimweleza Deo jinsi samaki waliokufa walivyokuwa wanacheza.

Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni ameshika fremu, akatazama tangi tupu. Kisha akaitoa sponji, akainusa. "Kabula, umeifua kwa sabuni?" Nikaanza kulia. Alikaa chini taratibu, kama mzee. "Ule uchafu ndimo walimokaa wale vijidudu, ndio uliokuwa unawaweka samaki hai," alisema. "Sikukueleza vizuri. Sponji unaikamua kwenye maji ya tangi hilohilo, basi." Kisha akaongeza, "Lakini usinidanganye tena nikiwa hospitali. Kule kila mtu ananidanganya."

Tukaanza upya. Baba akaleta maji mapya, Deo akakata sponji nyingine, na kutia dagaa aliyesagwa majini sasa kukawa kazi yangu. Wiki zilikwenda. Asubuhi aliyopima maji kwa dawa yake ya matone na kuona hayana sumu tena, alimpigia simu baba, ambaye alikuwa Tanga, akamwambia alete samaki wawili tu. Kesho yake kifua kilimbana. Hospitali walimwekea oksijeni, na jioni mama akaniruhusu niingie. Deo akaniuliza anaonekanaje. Midomo yake ilikuwa imepauka, macho ya njano. Nikamwambia, "Unaonekana mgonjwa sana, kaka." Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi, akanishika mkono. Alifariki alfajiri.

Simu ilimkuta baba Singida. Aliendesha akiwa na ndoo ya samaki miguuni, pampu ya betri ikinguruma humo, na alipofika uani palipojaa waombolezaji hakujua aiweke wapi. Akanikabidhi mimi. Sebuleni viti vilikuwa vimetolewa, wanawake wameketi kwenye mikeka kulizunguka tangi. Walisogea pembeni nipite. Nilichota maji ya tangi kwa kikombe, nikawa naongeza kidogo kidogo kwenye ndoo ili samaki wayazoee, kama saa nzima, wao wakiimba kwa sauti ya chini. Kisha nikawaachia samaki tangini. Mama aligeuka, akawatazama, akajifunika uso kwa kanga. Samaki hao waliishi miaka mitatu, na katika miaka hiyo yote sponji niliikamua kwenye maji yao wenyewe.

Sasa ninafanya kazi maabara, kwenye hospitali iliyo mbali na nyumbani. Watoto wachanga tunawatoboa kisigino, na selimundu tunaijua kabla mtoto hajaugua hata mara moja. Kuna vidonge ambavyo watoto hao huanzishiwa mapema, navyo huwazuilia mengi ya yale niliyoyaona kwa Deo. Mwezi uliopita mama mmoja kutoka Busisi aliniuliza kama mwanawe atafika sekondari. Nilimwambia wengi siku hizi wanafika na kupita, wanaoa, wanazeeka. Alinishukuru kama vile mimi ndiye niliyevitengeneza vidonge. Nilifurahi naye kwa dhati. Halafu nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikalia, kwa sababu dawa hizo zilianza kupatikana kwetu miaka michache tu baada ya kumzika Deo.