Jina la Mama Ukutani

Bosi wangu alirudi kutoka mafunzoni Dar es Salaam na maneno matatu, na kwa muda mrefu hatukusikia mengine. Modeli, mwonekano, kontrola. Aliyasema asubuhi kabla hatujanywa chai, na aliyasema hata kwa wateja waliokuja kuulizia tovuti ya saluni. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja pale Kilakala, juu ya duka la vifaa vya shule. Ukutani alibandika mchoro wa visanduku vitatu vyenye mishale, akawa anautazama kwa mapenzi ambayo sikuwahi kumwona akimpa binadamu.

Sina ugomvi na kiunzi chenyewe, yaani huo mpangilio wa visanduku vitatu. Ni namna safi ya kutengeneza programu za wavuti. Modeli ni ghala, humo ndimo ukweli unamokaa: nani ana nini, na nini ni cha nani. Mwonekano ni meza ya nje, kile mtu anachokiona kwenye skrini. Kontrola ni mhudumu anayekwenda ghalani na kurudi mezani. Weka kila kitu mahali pake, kazi itakwenda. Bosi aliweza kulieleza hilo hata akiwa usingizini. Kulitenda ndiko kulikomshinda.

Kazi iliyomwumbua ilitoka milimani kwetu. Chama cha wakulima wa mboga, katika vijiji vya juu vya Uluguru ambako mama yangu analima, kilitaka mfumo wa oda. Hoteli ikihitaji karoti inaagiza kwenye tovuti, mfumo unatafuta shamba lenye karoti zilizokomaa na kumtumia mwenye shamba meseji. Akijibu NDIYO, gari linapanda kuchukua mzigo. Akinyamaza, oda inakwenda kwa mwingine. Wanachama walikubaliana kwamba hakuna atakayewauzia walanguzi pembeni, na mama, ambaye akishasema neno hageuki, alilishika hilo kuliko wote.

Bosi aliiandika modeli peke yake. Kila shamba lina mwenyewe, na mwenyewe akifariki shamba linakwenda kwa mtoto wake. Nikamwambia kwetu haiko hivyo. Kwa Waluguru ardhi ni ya lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Mwanamume anailima, anaila, anazeeka nayo, lakini akifa inarudi kwa dada yake na kwa watoto wa dada yake. Watoto wake mwenyewe wana ardhi yao kwa mama yao. Hilo huko juu halihitaji kufundishwa, mtu anakua nalo.

“Hayo ni mambo ya mila, dada,” akaniambia. “Kiunzi hakijui mila.”

“Kiunzi hakijui chochote, bosi. Kinajua unachokiambia.”

“Nimekiambia kitu cha kawaida. Dunia nzima mtoto anarithi kwa baba yake.”

Dunia nzima. Huyo ni mtu ambaye milima ile anaiona dirishani kila siku na hajawahi kuipanda hata kufika kwenye migomba ya kwanza.

Sasa, mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa amefariki mvua zilizopita. Shamba lake likarudi kwa mama kama inavyopasa, na mama akalipanda karoti lote, mteremko mzima. Chama kilipouambia mfumo kwamba mjomba hayupo, mfumo ukalichukua shamba na kumpa mwanawe, binamu yangu anayechomelea mageti Ngerengere. Yeye hakuliomba, na alikuwa hajui hata kama amepewa.

Nilimwonyesha bosi, nikidhani sasa ataifungua modeli. Badala yake akafungua ukurasa wa mwonekano. Akaandika mstari mmoja tu: shamba hili likionekana kwenye skrini, andika jina la mama yangu. Ghalani binamu, mezani mama.

“Imekwisha hiyo,” akasema, akajinyoosha kitini.

Nikamwambia meseji hazitoki mezani, zinatoka ghalani. Akanijibu kwamba uzinduzi ni Jumapili na hataki modeli iguswe. Mimi alikuwa amenipa ruhusa ya kugusa kurasa tu, ile ya modeli aliishika mwenyewe. Nilikasirika hadi nikashindwa kula mchana.

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa kwenye ukumbi wa misheni. Bosi alivaa suti, kwenye tope lile. Akaurusha mfumo ukutani kwa projekta, shamba baada ya shamba, na lilipotokea jina la mama wanawake wakapiga vigelegele. Mama alisimama, akarekebisha kitenge chake, akakaa. Alikuwa na furaha, na mimi nilishindwa kumtazama.

Karoti zikakomaa. Mama akawa anatembea na simu kifuani, anailaza karibu na mto, anaipandisha shambani. Meseji haikuja. Majirani zake walikuwa wakiletewa gari, na yeye anawasaidia kupakia. Nilimwambia auze kwa walanguzi, karoti zisimfie ardhini. Akasema alishakubali mbele ya watu, hawezi. Kisha chama kikaanza kumwona mzembe, maana mfumo ulionyesha oda zinakuja shambani kwake na hazijibiwi. Wengine wakasema ana maringo kwa sababu binti yake yuko ofisini kwenye kompyuta.

Binamu ndiye aliyefumbua jambo. Alipanda kumsalimia mama siku ambayo nami nilikuwa nyumbani, akiwa na simu yake mkononi.

“Shangazi, kuna matapeli wananisumbua,” akasema. “Kila mara meseji, oda ya karoti, jibu NDIYO. Mimi na karoti wapi na wapi? Nimewafungia namba.”

Nani angemlaumu? Nchi hii kila mwenye simu ameshatumiwa meseji ya kutuma hela kwenye namba asiyoijua. Kijana alikuwa mwangalifu, na uangalifu wake ukamla shangazi yake.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama kweli jina lake pale ukutani lilikuwa la kuangalia tu. Nikamwambia ndiyo, mama. Akachukua jembe akaenda kuchimba karoti.

Siku iliyofuata alishuka mjini na kiroba cha karoti, akakileta hadi ofisini. Bosi aliruka kutoka kitini.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea karoti. Zimetoka kwenye lile shamba lililoandikwa jina langu.”

Bosi akafungua kiroba na macho yakamng'aa. Juu zilikuwa laini, nyekundu, zimeoshwa. Akashukuru sana, akanieleza mimi, mbele ya mama, jinsi mfumo wake unavyobadilisha maisha ya watu. Mama akaaga kwa heshima zote.

Kesho yake bosi aliingia uso umekunjamana.

“Mama yako amenipa karoti mbovu.”

“Zote?”

“Za juu ndizo nzima. Chini zimepasuka, nyingine zimeoza, mke wangu amemwaga kiroba kizima.”

Niligeuza kompyuta yangu upande wake, ukurasa wenye jina la mama ukiwa wazi, nikaendelea na kazi zangu. Alisimama pale, akatazama skrini. Kisha akaenda kwenye meza yake, na kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi nikaona anaifungua modeli. Pole hakutoa, si kwangu wala kwa mama.

Jumamosi nilikuwa nyumbani milimani simu ya mama ilipolia. Aliisoma mwenyewe, taratibu, kwa sauti: hoteli inataka karoti, jibu NDIYO au HAPANA. Mbele yetu nguruwe wake walikuwa wanamalizia karoti za mwisho za shamba la mjomba. Mama akafuta kidole kwenye kitenge, akaandika HAPANA.