Posa ya Mtu wa Umeme

Mpwa wangu anasoma ng'ambo namna ya kupata umeme kwa kuunganisha viini vya atomi, kama jua linavyofanya. Alipokuja likizo Kibiti akanituma nimposee binti wa Kiongoroni, kijiji cha deltani, mwalimu wa chekechea waliyesoma naye sekondari. Mimi ni fundi cherehani. Atomi nitazijulia wapi? Baba wa binti aliponiuliza kazi ya kijana, nikajibu kwa mkato: "Ni mtu wa umeme."

Posa ikapokelewa kwa furaha iliyopita kiasi. Nikadhani ni utamu wa ulimi wangu.

Wiki iliyofuata nikarudi kwa boti na kijana mwenyewe, aje ajitambulishe. Tulikuta nusu ya kijiji imejaa barazani. Mzee, mvuvi wa kamba asiye na maneno mengi, alipoitikia shikamoo tu akauliza, "Nguzo zinashushwa lini, mwanangu?"

Mpwa wangu akanigeukia. Mimi nikawa nasoma nakshi za kofia ya jirani.

"Nguzo zipi, mzee?"

"Za umeme. Mjomba wako kasema wewe ndiye mwenyewe. Njia tumeshaifyeka kutoka gatini."

Ningekuwa mimi, ningesema ziko njiani. Yeye akaanza kueleza: unachukua haidrojeni, unaipasha moto kushinda katikati ya jua, viini vinaungana, vinatoa nguvu kubwa mno.

"Mmeshaiwasha?" mzee akauliza.

"Maabarani, kwa kitambo kidogo. Ila ukijumlisha umeme wote unaotumika kuiwasha, bado mtambo unakula kuliko unavyotoa."

Kicheko kikapasuka nyuma ya pazia, kwa akina mama. Bibi wa binti akapaza sauti kutoka huko huko, "Na ikilipuka?"

"Hailipuki, bibi. Ikipata hitilafu kidogo tu inazimika yenyewe. Kuiwasha ndiyo kazi."

"Basi hizo kuni mbichi!"

"Hasa, bibi!" Kijana alifurahi kama aliyetunukiwa shahada. Mimi jasho lilikuwa limefika kiunoni.

Mzee hakucheka. "Wataanza kuuza lini?"

"Wapo wenye kampuni wanaosema miaka kumi. Mwalimu wangu anasema ishirini, pengine zaidi. Kuna chuma cha kuhimili lile joto bado kinatafutwa, na hata ikifanikiwa huenda bei ikashindwa na sola. Mimi, mzee, sijui."

Nikaona niokoe mambo. "Lakini posho ya chuo anapata kila mwezi..."

Mzee akaninyamazisha kwa kiganja. "Miaka yote wanakuja watu hapa kuniambia umeme ni mwakani. Huyu wa kwanza kuniambia hajui." Akageukia pazia. "Hebu muulizeni mwali, mtu wa namna hii anamtaka?"

Jibu lilitoka kabla ya swali kumfikia. "Namtaka! Mimi alishaniambia zamani kuwa hajui."

Vigelegele vikapigwa. Mzee akatoa sharti moja tu: siku ya kuleta mahari, mjomba aje, lakini asizungumze.

Nililitimiza. Siku hiyo walinikalisha karibu na sinia la pilau, na kila aliyenisalimu nilimjibu kwa kutikisa kichwa, mdomo umejaa.