Kasian Waliyemwita Daunlaiti

Wengi wa hapa Soweto, Mbeya, wanaotamka neno daunlaiti hawajui maana yake. Basi nianze na hilo, maana aliyenifundisha ni mdogo wangu Kasian, na alilijua kuliko mafundi wote wa mji huu. Daunlaiti ni taa inayozamishwa ndani ya dari. Fundi anatoboa tundu la mviringo kwenye jipsamu, anaunga nyaya, anaisukuma taa ndani, springi mbili zinaibana kwa juu. Ukikaa chini unaona mwanga unamwagika, lakini taa yenyewe haijachomoza popote. Dukani wanaiita spoti, na hilo lilimkera sana. Spoti, alisema, inalenga kitu kimoja, picha au kabati. Daunlaiti inamulika chumba.

Tulizaliwa Mafinga, baba yetu akipasua mbao. Kasian alianza na dari za mbao. Jipsamu ilipoingia akahamia Mbeya akajifunza upya, na umri wake ulikuwa umeshapita arobaini. Si kazi ndogo hiyo. Macho yetu ni ya baba: yamezama ndani, nyusi zimesimama juu yake. Mimi ninayo vilevile, na hakuna aliyewahi kunitania, maana wananijua.

Jina hilo Kasian walimbandika kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa dhahabu wa Makongolosi, aliyekuwa anajenga huku mjini. Mwenye nyumba aliuliza taa hizi zinaitwaje, na mdogo wangu, akiwa juu ya ngazi, akaeleza yote kwa raha, jinsi zinavyozama. Obeid, fundi rangi, akamtazama usoni.

"Sasa si ndiyo wewe mwenyewe? Macho yamezama hivyo. Ila za kwako zimeungua."

Walicheka mpaka mwenye nyumba akashika ukuta. Siku ile ile jina likafika kijiweni.

Likakaa miaka tisa. Daunlaiti, leo umeme upo? Daunlaiti, umepigwa shoti? Wateja nao walimwandika hivyo kwenye simu zao. Mkewe alipofariki, nilimsikia mtu akiwaelekeza waombolezaji: kwa Daunlaiti, pale penye turubai. Kasian alisikia pia. Aliendelea kupokea pole.

Mwaka jana binti yake wa pekee, Sekela, akapata mchumba Iringa, mwalimu mmoja jina lake Eliezeri, watu wa Kilutheri. Wakatuma barua, wakapanga Jumamosi ya kuleta posa. Kasian alitaka kitu kimoja tu, na alimwambia Sekela mbele yangu: "Mahari wapange watakavyo. Ila wanijue kwa jina langu."

Akazunguka mtaa akiomba mtu mmoja mmoja, kama anayechangisha harusi. Siku moja tu, niiteni Kasian. Mwanaume mzima. Nilimkataza. Nilimwambia anawaonyesha mahali pa kubonyeza. Akasema, dada, wewe huwaamini watu. Obeid alimshika bega akaahidi kwamba siku hiyo hata yeye atamwita mzee Kasian.

Jumamosi wageni wakashuka stendi, watu wanne, mshenga wao mzee Sosthenes. Sekela akawaelekeza kwa simu: mkifika njia panda ulizeni kwa fundi Kasian. Njia panda alikuwepo Obeid. Haya alinisimulia mwenyewe baadaye, bila hata aibu. Aliwaambia Kasian hamjui. Akawauliza wenzake, nao wakatikisa vichwa. Alipoona jua limewachosha wageni, ndipo akapiga kofi kama mtu aliyekumbuka. "Aa, mnamtaka Daunlaiti! Si mngesema." Akawaeleza maana yake, akajibonyeza macho kwa vidole ili waelewe vizuri. Kisha akawasindikiza mpaka mlangoni.

Tulisalimiana kamwene, salamu ya Iringa, wakaketi, wakala, wakanywa chai. Mzee Sosthenes alikuwa na tabasamu ambalo sikulipenda. Ikafika zamu ya kumwita binti athibitishe kwamba wageni anawajua. Sekela akaja, akapiga magoti.

"Mwanangu," mzee akamwambia, "sisi wageni tulipotea njiani. Hebu tuambie wewe. Hapa tumefika kwa Kasian, au kwa Daunlaiti?"

Wenzake walianza kucheka kabla hajajibu. Sekela alimtazama baba yake, akawatazama wao, akachagua.

"Ni hapa hapa, baba. Kwa Daunlaiti." Naye akacheka pamoja nao.

Kasian aliweka kikombe mezani, taratibu, kisimwagike.

"Daunlaiti ni taa," alisema. "Taa haina binti. Mwenye binti ni Kasian, na huyo mmeambiwa hayupo. Nendeni salama."

Akaisukuma bahasha ya posa upande wao wa meza. Mzee Sosthenes akasema ule ulikuwa utani tu, utani wa wakwe, mbona fundi anakuwa mkali. Mlango niliufungua mimi.

Sekela aliwafuata mpaka stendi akilia, nami nyuma yake. Akamshika mzee mkono, akaomba radhi, akasema baba atatulia, warudi. Mzee akajinasua, akaufuta mkono kwenye koti lake.

"Binti anayemcheka baba yake mbele ya wageni, kesho atatucheka sisi. Eliezeri tutamtafutia kwingine."

Na ndiye aliyemtega kwa swali lile. Sekela aligeuka kunitazama, akingoja nimsemee, shangazi yake. Sikumsemea. Mzee yule alikuwa mtu mbaya, lakini alichosema hakikuwa uongo, na mimi sipotezi maneno stendi.

Tuliporudi, Kasian alikuwa mezani anakula wali wa wageni uliopoa. Akamuuliza binti yake kama wale watu wamepata gari.

"Wamepata, baba."

Akasogeza sinia upande wake, akamwambia akae ale, kuku amebaki mwingi. Sekela akakaa. Hakugusa kitu. Kasian alimaliza paja moja, akachukua la pili.