Machipukizi ya Mama

Kibanja chetu cha Kituntu, shamba letu la migomba, babu alikigawa, baba akakigawa tena, na zamu ya kaka zangu ilipofika kila mmoja angepata mahali pa kusimama, si pa kulima. Kitindamimba wetu akaona asigombee vipande. Alipata ardhi Mabira, jirani na wafugaji, akasema anahama.

Siku ya kuondoka, mama aling'oa machipukizi ya migomba yake, akamfungia kwenye bodaboda juu ya godoro. Nikacheka.

"Mama, hata Mabira kuna migomba."

"Ipo. Lakini haimjui mwanangu."

Miaka ikapita, mnyauko ukaingia kwetu. Majani yakawa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Bwana shamba akatuambia tung'oe migomba yote, tuizike, na ardhi ipumzike. Kwa mara ya kwanza mlango wetu ukaonekana kutoka barabarani. Niliona aibu, kana kwamba tumevuliwa nguo sokoni.

Mimi naishi mjini Kayanga. Ardhi ikiwa bado inapumzika nikanunua kitanda, nikamwambia mama aje akae kwangu. Akajibu, "Sawa." Hapo nikaogopa kweli. Mama yangu hajawahi kusema sawa bila kubishana kwanza, hata kuhusu chumvi ya mboga.

Muda wa kupumzisha ardhi ulikuwa umekwisha, na mama ameshafunga vyombo vyake, kitindamimba wetu alipofika na pikapu ya kukodi, imejaa machipukizi: wajukuu wa yale ya bodaboda, mazima kabisa, maana ugonjwa haukufika shambani kwake.

"Shikamoo mama."

"Choma panga lako motoni kwanza. Sitaki ugonjwa tena hapa."

Akalichoma panga. Ndipo mama akasema, "Marahaba, mwanangu," akalia, nasi tukalia naye, kisha tukachimba mashimo mpaka migongo ikauma. Vyombo vilifunguliwa jioni hiyo hiyo.

Watu husema anayehama amekimbia kwao. Huyu wetu asingehama, mbegu ya mama ingeishia shimoni, na mama angeishia chumbani kwangu akitazama ukuta.

Juzi nilimpigia mama simu kumuuliza nimfuate lini. Nilikuwa namchokoza tu, kitanda nimeshampa mpangaji.

"Njoo mkungu wa kwanza ukikomaa," akasema. "Na uje na kikapu, si na gari."