Mkalimani Aliyeomba Kuwa Shahidi

Wifi yangu ni mtu wa maneno machache, na watu hucheka wakisikia kazi yake ni ukalimani. Yuko katika chuo cha ufundi, kile chenye geti la bluu na karakana nne zilizofuatana kama mabehewa. Mwalimu akisema, yeye huonyesha kwa mikono. Mwanafunzi kiziwi akijibu kwa mikono, yeye humsemea kwa sauti. Lugha ya alama hakuianzia darasani. Aliipata kwao, kwa kitinda mimba wao ambaye tangu azaliwe hajasikia hata mlango ukigongwa. Chuoni wanamwita Dada Mikono.

Mawifi hatuna sifa ya kupatana, lakini sisi wawili tunapikika chungu kimoja. Kaka yangu, ambaye ni fundi bomba, hulalamika kwamba tumemtenga katika nyumba yake mwenyewe. Ndiyo maana habari hii ilinifikia mimi kabla yake.

Mwaka ule chuo kilikuwa na wanafunzi viziwi sita. Mmoja alikuwa binti wa miaka ishirini anayesomea ufundi wa vifaa vya umeme. Wenzake walimpa jina la alama, kidole kikibonyezwa shavuni, kwa sababu ya kishimo kinachotokea pale akicheka. Sisi tusiojua alama tulimwita Kibonyo.

Kibonyo alizoea kukaa mbele kabisa, aone mikono ya mwalimu na mikono ya wifi kwa pamoja. Jumatatu moja wifi aliingia karakana akamkuta amesogeza stuli yake hadi kona ya nyuma, mgongo kaubandika ukutani. Kutoka kule hakuona vizuri, na mara mbili aliunganisha waya mahali pasipo pake. Wifi alimwashiria arudi mbele. Akatikisa kichwa. Kila mlango ulipofunguliwa na mwanga kubadilika sakafuni, binti aligutuka kama aliyemwagiwa maji.

Jumanne ikawa vilevile, Jumatano vilevile. Wifi akaanza kurudi nyumbani akiwa kimya kuliko kimya chake cha kawaida. Nilimwona akikunja shuka moja mara tatu.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, Kibonyo alimvuta hadi darasa tupu. Alieleza kwa alama ndogo ndogo, mikono chini ya usawa wa meza. Kwa viziwi, huko ndiko kunong'ona.

Alisema anayemsumbua ni Mratibu, yule bwana anayewatafutia wanafunzi viwanda na kampuni za kwenda kujifunzia kazi. Bila barua yenye sahihi yake huendi popote, na usipokwenda humalizi chuo. Alikuwa akimjia kwa nyuma. Mwingine angesikia viatu. Kibonyo alishtukia tu mikono kiunoni. Mara ya kwanza ilikuwa stoo ya vifaa, mara ya pili ukumbini penye matangazo, mara ya tatu stoo tena. Kisha akamtolea wifi simu asome ujumbe: "Barua yako iko mezani kwangu. Njoo uichukue peke yako. Usije na mkalimani."

Jioni ile tulikuwa tunaanua nguo, jua bado liko juu ya paa.

"Wifi, nina jambo," aliniambia. "Usimwambie kaka yako kwanza."

"Sema."

Akanieleza yote niliyoyaandika hapo juu, halafu akasimama na shati la kaka mkononi. "Na mimi alinishika," akasema.

"Nani? Lini?"

Ilikuwa miaka miwili nyuma, kwenye mashine ya kutoa nakala. Mratibu alimdaka mikono yote miwili huku akicheka, akasema, "Hii ndiyo mikono inayoongea? Haya, iongee sasa." Alimbana na kumvutia kwake, wala hakumwachia hadi mlango wa ofisi ya jirani ulipofunguka. Wifi alicheka naye, akachukua karatasi zake, akaenda darasani. Hakumwambia mtu.

"Nilicheka, wifi. Hilo ndilo linaloniuma."

Nilimpokea lile shati.

Kesho yake alikwenda na Kibonyo kwa mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba ambaye wanafunzi humwita Mama Mlezi. Kwanza alifunga dirisha. Kisha akakaa akimtazama Kibonyo usoni, wala si wifi, na wifi anasema hapo alipumua kidogo. Alimweleza binti kwamba aandike malalamiko kwa mkono wake mwenyewe, kwamba ujumbe wa simu utatolewa nakala, kwamba barua yake ya mafunzo itatiwa sahihi na mtu mwingine, na kwamba tangu siku ile asiitikie wito wowote wa Mratibu. "Na mtu akikusumbua kwa sababu umelalamika," alisema, "hilo nalo ni kosa jingine. Unaniletea hapa hapa."

Walipokuwa wanainuka akamgeukia wifi. "Na wewe, mwanangu? Kuna unalolijua zaidi ya hili ulilotafsiri?"

"Hapana, mama," wifi akajibu.

Wiki iliyofuata aliweka simu karibu hata akipika. Simu ya chuo ikilia, anaiangalia kwanza kama mtu anayeangalia nyoka. Na kweli, siku ya tano Mratibu mwenyewe alimwita ofisini, mlango wazi, tabasamu limetandazwa.

"Dada Mikono, karibu. Nasikia kuna binti amenielewa vibaya."

Wifi akabaki amesimama.

"Hizi alama zenu, moja si ina maana kumi? Kumgusa mtu begani ili ageuke na kumshika mtu, si ni alama ileile?"

"Ni mbili tofauti."

"Sawa, lakini mkalimani anaweza kuchanganya. Binadamu." Akapanga kalamu zake mezani. "Halafu mikataba yenu ya mwaka mmoja mmoja inakuja kwenye kamati ya ajira mwezi ujao. Mimi nakaa pale. Nisingependa ukwame."

Alitoka. Akaja moja kwa moja kwenye duka langu la vitambaa, akakaa juu ya robota, akaniambia alichokiona sasa waziwazi. Akimtafsiria Kibonyo mbele ya kamati ya nidhamu itakayosikiliza malalamiko, kila neno zito litaitwa kosa la mkalimani, na lile lake litabaki tumboni. Akisema lake, atakuwa shahidi, na shahidi hawezi kuwa mkalimani. Binti atabaki mbele ya watu wasiomjua bila mtu wa kumsemea.

"Mwambie mumeo," nilimwambia. "Hili sasa limetuzidi sisi wawili."

Kaka alisikiliza akiwa ameshika spana, hakuiweka chini hadi mwisho. "Nakwenda kumtafuta," akasema.

"Ukienda, kesi itakuwa yako," wifi akamjibu. "Binti atasahaulika."

Kaka akakaa. Kisha akauliza, "Na ukimwaga unga?"

"Nitaumwaga."

Basi alirudi kwa Mama Mlezi na kumwambia, "Nilikudanganya." Akaeleza ya mashine ya kutoa nakala, akaandika, akatia sahihi. Akaomba kamati imlete mkalimani kutoka nje. Chama cha viziwi cha mji wa jirani kilikuwa naye mmoja, mzee mstaafu, lakini angepata nafasi baada ya majuma mawili.

Tulidhani Kibonyo angefurahi. Alikasirika hadi akalia. "Unanikimbia," alimwambia kwa mikono mikubwa, bila kujali nani anaona. "Sauti yangu ni wewe, na wewe unampa mzee nisiyemjua." Wifi alijaribu kueleza, lakini binti alimfanyia kile ambacho kiziwi akikifanya huna la kumfanya tena: alifumba macho.

Majuma yale mawili yalikuwa marefu. Mratibu alikuwa bado yuko kazini, anapita ukumbini na mafaili, anawasalimu wote kwa majina. Kwenye chumba cha walimu mmoja aliuliza, kwa sauti ya kusikika, kama yule binti anaelewa kweli anachokilalamikia. Siku mbili Kibonyo hakuonekana darasani wala kujibu ujumbe, na wifi alizunguka chuo kizima akifungua milango ya vyoo. Kumbe Mama Mlezi alikuwa amemhamishia bweni jingine, na wasichana wawili wakishinda naye kwa zamu. Hakuna aliyekumbuka kumwarifu mkalimani.

Siku ya kikao tulifika saa mbili na nusu asubuhi. Sikuruhusiwa kuingia, nikakaa kwenye benchi la nje. Mratibu alikuja na faili jembamba, akamtania mlinzi, mlinzi akacheka. Saa tatu ikagonga, mzee mkalimani hayupo. Saa tatu na robo, hayupo. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikamsikia mwenyekiti wa kamati akisema, "Kwani mkalimani si huyu hapa? Tuanze, watu wana kazi."

Nikasogea mwisho wa benchi, karibu na mlango.

"Leo mimi ni shahidi," sauti ya wifi ikajibu, nyembamba lakini haikukatika. "Siwezi kuwa vyote viwili. Mkinilazimisha, kesho mtasema nilichanganya maneno."

Kisha Mama Mlezi: "Tumngoje mzee."

Alifika saa tatu na dakika arubaini, jasho limemlowesha kola, akiomba radhi kwa mdomo na kwa mikono kwa wakati mmoja. Mlango ukafungwa. Yaliyofuata nayajua kwa kusimuliwa.

Mratibu alisema alimgusa binti begani tu, kama kiziwi yeyote anavyoitwa. Kuhusu ujumbe, alisema hakutaka kumsumbua mkalimani bure. Wifi alisema yake, akaulizwa mbona alikaa kimya miaka miwili. Akajibu kwamba aliogopa kazi yake, na kwamba bado anaogopa.

Kisha mwenyekiti akamgeukia Kibonyo. "Kule stoo, mbona hukupiga kelele?"

Kibonyo alimtazama mzee hadi mwisho wa swali. Mikono yake ikaenda polepole, mzee akasema, "Nilipiga. Sijui ilitoka vipi, kwa sababu siisikii. Lakini mtunza stoo aligeuka, akatutazama, akaondoka."

Hilo hakuwa ameliandika popote. Wifi mwenyewe hakulijua.

Nikiwa pale benchini nilimwona mtunza stoo akiletwa, mtu mzima mwenye koti la kijivu, anafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa na uchafu. Alikaa ndani karibu saa nzima. Wifi anasema kwanza alikana, kisha akasema hakumbuki, kisha Mama Mlezi akamuuliza ana watoto wangapi, akainama. "Nilisikia," akasema. "Haikuwa sauti ya utani. Nilijiambia si yangu."

Mratibu alisimamishwa kazi siku ileile. Uamuzi wenyewe ulichukua miezi miwili mingine, na katika miezi hiyo wakajitokeza wengine wawili: mwanafunzi wa ushonaji na mama anayefagia jengo la utawala, ambaye alikuwa amehamishwa zamu mara tatu kwa kumkataa. Mwisho Mratibu alifukuzwa, na shauri likapelekwa polisi, ambako linakwenda kwa mwendo wao.

Kibonyo alipata nafasi kwenye kiwanda cha feni. Kabla ya kuondoka alikuja nyumbani, akakaa na wifi jikoni kwa muda mrefu, mikono yao ikienda mbio mimi nikiwa sielewi kitu. Wakacheka. Nikauliza wanacheka nini. Wifi akanitafsiria kwamba yule mzee aliisoma vibaya alama moja ya Kibonyo kwenye kikao, badala ya "karakana" akatamka "jeneza", na wanakamati wakashtuka wakidhani kuna mtu amekufa. Hapo ndipo nilipojua kwamba wamepatana, ingawa wifi anasema si kama zamani; binti humpima kwa macho kwanza kabla ya kumweleza jambo.

Na wifi? Mkataba wake ulikuja, lakini wa miezi sita badala ya mwaka, bila maelezo. Mama Mlezi aliuliza sababu, akaambiwa ni mpangilio mpya. Sasa wanamtumia pia kuwafundisha walinzi na wauguzi wa zahanati ya chuo alama za mwanzo, kama nisaidie, naumwa, nifuate, simtaki huyu. Anaifanya kazi hiyo kwa bidii, kisha akirudi anakaa bila kuvua viatu na kuniuliza kama simu yake imelia.

Miezi sita inaisha tarehe ishirini. Hadi leo hawajamwambia kitu.