Upenyo wa Kwenda kwa Dorkasi

Tangu mkewe Dorkasi afariki, Mzee Silvano hana mtu wa kuzungumza naye Kisandawe. Nzuguni imejaa watu wa kila kabila, na karibu kila mmoja ana wa kwao hapo hapo mtaani. Wa kwake wako mbali, Kwamtoro. Dorkasi yuko karibu, ng'ambo ya uwanja, katika kaburi lililochimbwa zamani kulipokuwa shamba, kabla viwanja havijapimwa.

Sasa mtaa ulitaka kuuzungushia uwanja ukuta, uwe soko. Njia ya kaburini ingekatwa. Kuzunguka ni hadi barabara ya lami, na goti la Silvano halifiki huko. Akaenda mkutanoni.

"Shikamoo, mzee," mwenyekiti Gideoni alisema alipomwona amesimama. "Tuchangamshe kwanza. Tupe kile cha kwenu cha kugonga ulimi."

Kila mkutano huwa hivyo. Humwaga salamu mbili tatu za Kisandawe, watu wakacheka, akakaa. Lakini siku hiyo alikuwa na ombi moja tu kifuani, nalo likatoka kama lilivyokuwa limelala, kwa lugha aliyoliwazia.

Watu wakapiga makofi.

"Rudia, babu," alisema Anitha wa genge la nyanya. "Kama bisi kwenye sufuria."

Akarudia, polepole zaidi. Wakacheka zaidi.

"Haya, tumechangamka," Gideoni alisema. "Wanaokubali ukuta, mikono juu."

Mikono ikapanda. Silvano alikuwa bado amesimama.

"Nimeomba upenyo," alisema kwa Kiswahili.

"Upenyo gani, mzee wangu?"

"Wa kwenda kwa Dorkasi. Wa mtu mmoja tu. Nimewaambia mara mbili."

Anitha akainama, akawa anakunja na kukunjua pindo la kanga yake.

"Sasa mzee, si ungesema kwa Kiswahili?" Gideoni aliuliza.

"Umeniambia nianze na kile."

Gideoni alijikuna shingo. Mtu wa nyuma akasema mikono imeshanyooshwa, jua linawaka, twende mbele. Wakaenda mbele.

Ukuta ulijengwa bila upenyo. Jioni, wachuuzi wakishafunga, Mzee Silvano huegemea matofali na kumsimulia Dorkasi habari za siku hiyo, kwa Kisandawe, akipaza sauti kidogo ili zivuke.