Habari za Simel Zilizoishia kwa Mbuzi

Tangu mumewe azikwe, Tabitha alimwota mchana tu. Usiku hakuja. Alikuja mchana, wakati Tabitha ameketi nje ya nyumba akichambua maharagwe, jua limetulia juu ya tambarare, macho yanazidi kuwa mazito. Hapo Simel alitokea upande wa zizi, akakaa, fimbo magotini, akaanza kutoa habari. Midomo ilicheza, lakini sauti haikufika. Tabitha aliitikia tu, "Ee... ee...", akisubiri angalau neno moja limfikie. Kisha lori la mchanga lingepiga honi kule barabara ya Namanga, naye angeshtuka, ungo wa maharagwe ukiwa bado mapajani.

Nyumba yao iko ng'ambo ya Noonkopir, mahali ambapo zamani palikuwa nyasi hadi macho yachoke. Siku hizi kuna ua wa mawe, kisha ghorofa, kisha ua mwingine wa mawe. Asubuhi zenye ukungu nyumbu bado hupita, wakiifuata njia ya bibi na babu zao, wakifika kwenye ua wa mtu husimama tu wakiutazama.

Simel alikuwa mtu wa habari. Ujanani alisukuma ng'ombe kwa miguu kutoka Rombo hadi soko la Kitengela, na kila boma alilopita alipokewa kama mtu aliyebeba kitu. Maana kwa Wamaasai habari huliwa. Mgeni akifika hakurupuki kusema lililomleta. Anakaa, anapumua, anaombwa habari. Anaanza na mbali: mvua imenyesha wapi, nyasi zikoje. Anakuja kwa ng'ombe, anashuka kwa mbuzi, kisha watoto, na lile zito kuliko yote analiweka mwisho, msikilizaji akiwa tayari amekaa vizuri. Kazi ya msikilizaji ni kusema "ee" na kungoja. Kumkatiza mtu katikati ya habari zake ni kama kumnyang'anya kibuyu cha maziwa mdomoni. Simel alizitoa hivyo hata kanisani, alipokuwa mzee wa kanisa. Taarifa ya kuezeka paa ilianzia kwa mvua, na vijana wa kwaya walicheka chini kwa chini.

Siasa zilipochemka, alihudhuria mikutano ya pande zote. Alivaa koti lake la Jumapili, akasimama mbele, akasikiliza hadi mwisho, akarudi kumpa mkewe kila neno bila kuongeza chumvi. Mdogo wake, Leshan, alimcheka. Leshan alikuwa mtu wa mheshimiwa, yeye na pikapu yake yenye spika mbili juu, akikusanya watu kutoka Kajiado hadi vichochoro vya Kitengela.

"Kaka, wewe ni wa chama gani hasa?" alimuuliza.

"Chama cha wenye masikio," Simel alijibu. "Hatuna kofia za kugawa."

Binti yao, Soipan, aliyeuza dawa katika duka moja mjini, hakuenda mikutanoni kabisa. Yeye alikuwa wa maandamano. Alisema mkutano ni mahali pa kwenda kudanganywa ukiwa umepewa soda. Leshan naye alisema maandamano ni mchezo wa watoto ambao hawajawahi kuamka alfajiri kukama. Kila mmoja alimwita mwenzake mjinga asiyejua kinachoendelea nchini, na kila mmoja alikuwa na simu iliyojaa ushahidi. Wakikutana kwenye meza ya Krismasi Simel alikaa katikati yao, akimega nyama, akiitikia "ee" kulia na "ee" kushoto, mpaka Tabitha akamwambia shingo itamkatika.

Halafu ikaja siku ile ya Kajiado.

Asubuhi Simel na Tabitha walikuwa hospitalini. Daktari aliwaonyesha picha ya kifua, akagusa sehemu nyeupe kwa kalamu, akasema kuna uvimbe, waende Nairobi upesi. Tabitha aliona tu kitu kama ua la pamba limeota ndani ya mume wake. Hawakurudi nyumbani. Walienda kwa Leshan, ambaye boma lake halikuwa mbali na mji, kwa sababu Leshan alikuwa na gari, na kwa sababu alikuwa ndugu.

Wakakaa kivulini. Chai ikaletwa. Leshan akaomba habari, nusu ya jicho likiwa kwenye simu iliyokuwa ikitetemeka magotini. Simel akaanza. Mvua imegusa upande wa Isinya lakini haijafika kwetu. Ee. Nyasi za kule kwa mto ziko, lakini mtu amezungushia waya. Ee. Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama dume. Ee. Mbuzi si wazuri, wawili wanakohoa, kifua kimewashika...

Simu ikatetemeka tena. Leshan akaitazama, akasimama.

"Wacha mbuzi!" akasema. "Hizo habari zako niko nazo hapa. Tazama!"

Kwenye kioo kidogo alikuwa Soipan, barabarani Kitengela, bendera mabegani, akiimba wimbo wa kumkejeli mheshimiwa, na umati nyuma yake ukiitikia.

"Jina letu!" Leshan alisema. "Wananiuliza, huyu si wa kwenu? Na wewe unakaa hapa kunipigia hadithi ya kukohoa!"

"Sijamaliza," Simel akasema polepole.

"Malizana na huyo msichana wako."

Simel akainuka. Akaokota fimbo yake, akamtazama ndugu yake muda mrefu, kama nyumbu anavyoutazama ua, akaondoka.

Njiani Tabitha alilia. "Ungemwambia tu! Neno moja tu, uvimbe!"

"Habari ya kifua changu haiwezi kutangulia ya mbuzi," Simel akasema. "Hiyo ingekuwa kumrushia mtu jiwe. Atakuja. Nitamalizia."

Hakuja. Tabitha alitaka kupiga simu, Simel akakataa. Habari nusu imeshatolewa, nusu iliyobaki haiwezi kurushwa hewani kama matangazo ya mkutano. Walienda Nairobi bila Leshan, wakarudi, wakaenda tena. Nguo zikaanza kumwagika mwilini mwa Simel. Mvua zilipokuja kwa kweli, akiwa kitandani, akisikiliza bati likilia, alimshika mkewe mkono. "Leshan akija, mpe zilizobaki. Lakini usizianzie mwisho." Bwana akamchukua kabla hakujapambazuka, na Tabitha akaimba peke yake mpaka majirani wakasikia.

Mazishi yaligawanyika mahema mawili. Hakuna aliyepanga, watu walifika tu wakakaa kama maji yanavyojua njia. Hema moja ni Leshan, pikapu, kofia za rangi moja na mheshimiwa mwenyewe aliyefika kwa msafara wa magari. Hema la pili Soipan na vijana wenzake. Mheshimiwa alipopewa kipaza sauti kutoa rambirambi, alimsifu marehemu kwa maneno machache, kisha akaanza kusema barabara ipi italetwa na nani. Vijana wakaanza kuimba. Kofia zikajibu kwa matusi.

"Mmelipwa!" upande mmoja ukasema.

"Na nyinyi mmevuta!" ukajibu mwingine.

Tabitha, katikati, karibu na jeneza, alihisi maneno yamemjaa mdomoni. Alitaka kukichukua kile kipaza sauti na kusema mbele ya wote: Leshan, kaka yako alikuja kukuambia anakufa, ukamwambia umeona kwa simu. Neno hilo lingempata vizuri. Lingemwangusha hapo hapo mbele ya mheshimiwa wake. Alikwisha kuinuka, lakini Mchungaji Wathome, mzee mwembamba asiyependa kelele, akatembea taratibu hadi nyuma ya hema, akazima jenereta. Kipaza sauti kikafa. Katika ukimya ule akasema, "Tuombe." Watu wote wakafumba macho, Tabitha pia, lakini ilipofika amina hakuweza kuitoa. Lile neno lilikuwa limeziba njia.

Likakaa hapo. Alikula nalo, akaenda kanisani nalo. Alipiga magoti akamwambia Mungu ukweli: nataka kumuumiza, na mume wangu amenipa cha kumuumizia, na amenikataza.

Asubuhi moja ya ukungu alimwona Simel anakuja kwa miguu kupitia nyasi. Ule mwendo, bega la kushoto likitangulia. Tabitha hakushangaa, aliona tu ndoto imewahi leo. Nyumbu wachache walimpisha mtu yule. Akaendelea kukaribia, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyopungua urefu, mpaka akawa Leshan, suruali imelowa umande hadi magotini. Pikapu alikuwa ameiacha barabarani.

"Takwenya, Ng'oto Soipan," akasema, akimwamkia kwa Kimaasai, kwa jina la mtoto wake kama inavyopasa.

"Iko," Tabitha akaitikia. "Kaa."

Akakaa. Hakuwa na kofia. Tabitha akamwomba habari, naye akatoa: mvua ya Kajiado, nyasi, ng'ombe, ugonjwa wa kwato uliopita kwa jirani. Tabitha akaitikia kila moja. Mwishoni Leshan akakaza macho chini.

"Na watu wananiambia kwa simu kwamba kaka aliugua muda mrefu. Nikasema hao ni wa mitandao, wanatunga. Ningeambiwa." Akapangusa umande magotini. "Hizo ndizo zangu. Nipe zako."

Hapo ndipo neno lilipomjia Tabitha mpaka kwenye meno. Hakuna jenereta ya kuzimwa. Hakuna mtu wa kumzuia. Angeweza kulitamka peke yake, bila mvua, bila nyasi, na likamwingia mtu huyu kifuani likaishi humo. Akafumba macho. Bwana, akasema moyoni, nishike ulimi. Akasubiri. Upepo ukapita kwenye bati.

"Mvua," akasema, "imegusa upande wa Isinya. Haijafika kwetu."

Leshan akainua macho. Mvua ilikuwa imefika zamani. Nyasi zilizomlowesha zilikuwa za mvua hiyo. Kisha akaelewa ni mvua ya siku gani. Uso wake ukafanya kitu ambacho Tabitha hakutaka kukitazama.

"Ee," akasema.

"Nyasi za kule kwa mto ziko, lakini mtu amezungushia waya."

"Ee."

"Ng'ombe mwekundu amezaa, ndama dume."

"Ee."

"Mbuzi si wazuri. Wawili wanakohoa, kifua kimewashika." Ukungu ukasogea kati yao kama mtu wa tatu. "Na mimi kifua kimenishika. Leo tumetoka hospitali. Wameona uvimbe. Wanasema Nairobi, upesi. Nimekuja kwako kwa sababu uko na gari, na kwa sababu daktari akisema, mke wangu anaogopa, hasikii vizuri. Nataka ukae na mimi usikie."

Leshan alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Ee," akasema, na sauti ikavunjika katikati.

"Hizo ndizo habari."

Walikaa. Zizini ng'ombe akakojoa. Kisha Leshan akauliza, "Alikufa akinichukia?"

Tabitha akafikiri. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo, na rahisi zaidi kusema hapana.

"Hilo hakulisema," akajibu. "Siwezi kukupa asichonipa."

Leshan akaweka uso wake ndani ya mikono, akalia kama wanavyolia wanaume wa kwao, mabega tu.

Soipan akatoka jikoni na chai. Alikuwa amesikia yote. Akasimama mbele ya baba yake mdogo, trei mkononi, shingo ngumu. Halafu akainamisha kichwa, kama mtoto anavyomwamkia mzee. Leshan akakigusa.

"Papa, leo hukukuja na spika?" Soipan akasema, akimwekea kikombe.

"Zimekufa. Watu wenu waliziimbia mpaka zikapasuka."

"Hizo zilikuwa feki tangu zamani."

"Kaa hapa," Leshan akasema, akipangusa uso kwa kona ya shuka lake la begani. "Nipe zako. Za ile siku ya kwenye simu. Yote."

"Zangu hutazipenda."

"Kwani nimekuuliza kama nitazipenda?"

Soipan akamtazama mamake. Tabitha akampa ishara kwa kidevu. Msichana akakaa, akavuta pumzi, akaanza kwa haraka ya vijana, "Sasa hiyo siku tulitoka pale stage..."

"Mvua kwanza," Leshan akasema.

"Papa, hakukuwa na mvua! Kulikuwa na jua na gesi ya machozi!"

"Basi anza na jua."

Soipan akacheka bila kutaka, akaanza na jua. Akasema lami ilivyokuwa laini, wamama wa mboga walivyofunika nyanya, jinsi alivyoogopa. Leshan akaitikia. Alipofika kwa mheshimiwa, na sababu yao ya kumwimbia, Leshan akafungua mdomo, kidole tayari kimepanda hewani. Tabitha akakohoa. Kidole kikashuka.

"Ee," Leshan akasema, kama mtu anayemeza dawa chungu.

"Na bado nitaandamana," Soipan akasema.

"Ee. Na mimi bado niko na yeye. Endelea."

Jua likapasua ukungu. Tabitha akaegemea ukuta wa bati uliokuwa umeanza kupata joto. Aliisikia sauti ya binti yake ikipanda na kushuka, na ile nyingine ikiitikia chini yake, wakati mwingine kwa kuguna, wakati mwingine kwa hasira iliyozuiwa, lakini haikukatiza. Neno lililokuwa limemziba koo halikuwepo tena. "Amina," akasema taratibu, hakuna aliyemsikia. Macho yakamlemea. Walipofika kwenye habari ya kijana aliyeanguka karibu na duka la dawa, na jinsi Soipan alivyomfungulia mlango, yeye alikuwa ameshasinzia, na zilizobaki hakuzisikia.